Fungu la Mjomba

Kabla Tayanita hajawa mtu wa kuogopwa, alikuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa mjomba wa mama yangu, na haya yalimpata katika nchi yetu ya zamani, kule milimani, kabla hatujatolewa kwa bunduki na kuletwa huku magharibi kwenye upepo usio na adabu. Wapo wanaosema ni hadithi ya kutishia watoto. Hao waache. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Kazi yake ilikuwa ukalimani pale misheni. Mchungaji Orcutt, mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, alikaa miaka mingi kati yetu Wacheroki, na maneno yetu aliyoyajua yalimtosha kuomba chumvi na kufukuza mbwa. Mengine yote yalipitia kinywani mwa Tayanita. Na Tayanita alikuwa na namna yake. Hakuwa akisema "mchungaji anasema hivi." Alisema "mimi." Mzungu akilia kwamba mimi ni mwenye dhambi, Tayanita naye, kwa sauti ileile na kwa kichwa kilichoinamishwa vilevile, husema mimi ni mwenye dhambi, na vikongwe wa benchi la nyuma hucheka viganjani.

"Hilo tulilijua hata bila mzungu."

Walimwita Mwangwi. Siku moja mtu mmoja alikuja na povu mdomoni kwa sababu nguruwe wa misheni walikuwa wamemaliza mahindi yake. "Mwambie huyo," akasema, "nguruwe wake wana nafuu kuliko yeye. Wao angalau hawaombi kabla ya kula cha mtu." Tayanita akamgeukia mchungaji, akalisema lote, neno kwa neno, uso umetulia kama maji ya mtungini. Haongezi, hapunguzi, wala hasikii haya. Ukimkasirikia alikujibu, "Maneno si yangu. Mimi ni mlango tu, watu wanapita."

Alikuwa na goti bovu. Farasi alimwangukia ujanani, na tangu hapo mguu wa kulia ulikataa kukunjwa. Kanisani wote wakipiga magoti yeye alibaki wima kama nguzo ya uzio, na mchungaji alimsamehe.

Dada yake ndiye bibi yangu, Quati, mwanamke wa maneno machache na yote makali. Quati alikuwa na binti, Ayasta, aliyekuwa akisoma palepale misheni na kulala palepale. Na kwetu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba ni mgeni anayependwa. Mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba: asome wapi, aolewe na nani, akiumwa akae nani mlangoni. Tayanita alimpenda yule binti kuliko alivyompenda mtu yeyote aliyetembea kwa miguu miwili. Na binti mwenyewe alikuwa mtundu. Alijua kutembea kama Orcutt, shingo mbele kama bata mzinga, na alifanya hivyo nyuma ya Orcutt mwenyewe.

Majira ya kuokota njugu za msituni, Ayasta akashikwa na kifua.

Alilazwa katika kijumba cha magogo nyuma ya shule. Siku za kwanza hali yake ilikuwa mbaya, anaongea na ukuta. Kisha homa ikaanza kushuka, akaomba mkate wa maharage, akala nusu, na nusu akamtupia mjomba wake.

"Mjomba, mbinguni utamtafsiria nani?"

"Mungu anajua lugha zote."

"Basi utakosa kazi."

Tayanita akacheka mpaka akashika ukuta. Aliona kabisa kwamba mtoto anapona. Hilo alilikumbuka baadaye, na ningependa na wewe ulikumbuke.

Lakini kwetu mgonjwa haachwi bila mlinzi, hata anayepona. Si kwa ajili ya ugonjwa, ugonjwa ni ugonjwa. Ni kwa ajili ya wale wanaokuja kunusa. Tunawaita waiga-kunguru. Ni watu, wake kwa waume, wana majina na majirani, ila wameishi muda mrefu kwa kula siku za wenzao. Mgonjwa akimalizwa, siku zile alizokuwa bado hajaziishi, mchawi anajiongezea. Ndiyo maana wamekunjamana kama tumbaku iliyosahauliwa darini. Wakija, unasikia kunguru akijitupa kutoka juu, ule mlio wa kutumbukia. Ukitazama, hakuna kunguru. Dawa yake ni moja tu: akae mlangoni mganga mwenye tumbaku ya kale, amwone kwa sura yake ya kweli. Mwiga-kunguru akionwa hivyo hamalizi wiki.

Quati hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda kumleta mganga Walosi, mzee mnene mwenye pumzi fupi, akaja naye mpaka langoni, asubuhi, kiko kimeshindiliwa tayari.

Mchungaji akawasimamisha palepale.

"Simchukii mzee huyu," akasema, na Tayanita akasema, "Sikuchukii, mzee. Lakini katika nyumba hii tumemkabidhi mtoto kwa Mungu. Siwezi kumkabidhi kwa Mungu na kwa moshi. Nenda kwa amani."

Walosi alimwacha amalize. Hakumtazama Orcutt hata kidogo.

"Nimekusikia, Mwangwi. Umemsema vizuri. Sasa namwuliza mjomba wa mtoto. Mjomba, unasemaje?"

Tayanita akalowa jasho katika baridi ile. Jumapili iliyokuwa inakuja mchungaji alikuwa amemwahidi atasimama ahubiri maneno yake mwenyewe, mtu wa kwanza wa watu wetu kufanya hivyo pale. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kama bwana harusi.

"Anasema nini?" Orcutt akauliza.

Badala ya kujibu la Walosi, Tayanita akalitafsiri. Orcutt akajibu kwa niaba yake, kwa upole kabisa, na Tayanita akalirudisha jibu lile kwa mganga kama lilivyo: "Hapana. Nenda."

"Kaka," Quati akasema, "mzungu akikuambia ufe, utatafsiri kwanza ndipo ufe."

Walosi akakaa kidogo kwenye kisiki apate pumzi, kisha akaenda zake.

Quati alibaki na mtoto siku ile na usiku wake. Kesho yake, jua likiwa juu, ilimbidi aende nyumbani, kwa sababu mama yangu alikuwa mchanga bado wa kunyonya na maziwa yalikuwa yanamuuma Quati kifuani. Alisimama mlangoni pa kijumba, shali begani.

"Kaka, unakaa?"

"Nakaa."

"Ni Mwangwi anayesema?"

"Ni mimi."

"Basi usitoke. Hata nani akuite. Nakwenda kunyonyesha na kurudi."

Tayanita akavuta kigoda, akanyoosha mguu wake mbovu, akakaa. Ayasta alikuwa amelala, pumzi zinaingia na kutoka vizuri. Shuleni watoto walikuwa wanaimba hesabu. Anga lilikuwa bluu tupu.

Akasikia kunguru akijitupa juu ya paa.

Mlio ule. Wa kutumbukia.

Akachungulia nje. Paa lilikuwa tupu, na anga vilevile. Watoto walikuwa wameacha kuimba, kisha mmoja wao akaanza tena, akiwa amekosea namba.

Alipoushusha uso, bibi kizee alikuwa amesimama kizingitini.

Alikuwa mdogo wa umbo, amejifunika shali nyeusi, mikono ameifumbata tumboni. Usoni hapakuwa na mahali pasipo na mkunjo. Mvua ilikuwa imenyesha juzi na njia ya misheni ilikuwa tope tupu, lakini viatu vyake vya ngozi vilikuwa safi. Nyuma yake alikuwa anakuja Orcutt kwa haraka, amekwishamwona kutoka dirishani kwake, uso unang'aa.

"Nimesikia kuna mtoto anaumwa," bibi akasema, kwa Kicheroki cha zamani, kile cha mababu. "Naomba nikae naye. Naomba nipewe."

Tayanita akatafsiri. Mchungaji akatokwa na machozi. Miaka yote ile alikuwa hajamwona mzee wa watu wa kale akija misheni kwa miguu yake, bila kuitwa, bila kutaka unga.

Sasa, mlangoni pa mgonjwa, mgeni usiyemjua huulizwa ukoo. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Ukoo wako nani, mama yako ni wa wapi. Asiyeweza kujibu haingii. Tayanita alifungua kinywa.

"Bibi, ukoo wako..."

"Unamwuliza nini?" Orcutt akasema.

Akamwambia.

"Ndugu yangu," Orcutt akasema, na akamwekea mkono begani, "hilo tulikwisha kulizungumza. Humu ndani hakuna koo. Utahubirije Jumapili ikiwa bado unauliza koo?"

Bibi alisubiri. Alikuwa na subira ya ajabu. Alikuwa anamtazama Tayanita, na macho yake hayakupepesa.

"Mwambie karibu, akae naye, nampa kwa moyo wangu wote," Orcutt akasema.

Tayanita akamwambia. Kwa namna yake ileile, kwa sauti ileile ya huruma, mkono umefunguliwa kama mchungaji alivyoufungua wake.

"Karibu, mama. Kaa naye. Nakupa kwa moyo wangu wote."

"Asante, mjomba," bibi akasema.

Pale mlangoni palikuwa na chungu cha uji mchachu wa mahindi na kijiko chake, kama ilivyo kila nyumba ya watu wetu. Anayeingia anakula kwanza. Tayanita akamchotea. Bibi akakirudisha kijiko taratibu.

"Nitakula humuhumu," akasema, na akaingia.

Ayasta akafumbua macho. Akamtazama bibi, akatazama kushoto kwake, akatazama kulia kwake, mpaka kwenye pembe za chumba.

"Mjomba," akanong'ona, "hao wengine watakaa wapi?"

Chumbani mlikuwa na bibi mmoja tu.

Kengele ya sala ya mchana ikalia. Kanisani kulikuwa na watu waliotoka mbali, na bila mkalimani sala ni kelele. Orcutt akamvuta mkono. "Njoo. Mtoto amepata mwenzi mzuri." Tayanita akasema ameahidi kukaa. Orcutt akasema ni kitambo kidogo tu. Tayanita akatazama njia anayorudia Quati. Njia ilikuwa tupu. Watu kanisani walikuwa wamekwisha kuanza kukohoa kwa kungoja.

Alikwenda. Wacha niliseme vile lilivyo, bila kulivalisha koti: alikwenda.

Alipogeuka mara ya mwisho, bibi alikuwa amekisogeza kigoda. Hakukiweka ubavuni mwa kitanda kama watu wanavyofanya. Alikiweka upande wa kichwa cha mtoto.

Kanisani Orcutt alisali sala ndefu. Tayanita alisimama upande wake wa kushoto, akisema mimi, mimi, mimi. Mimi nimepotea. Mimi nimeonekana. Kichwa chake kilikuwa kule nyuma ya shule. Watu wakapiga magoti, mbao zikalia. Orcutt akapiga magoti. Sala ikaendelea. Tayanita akaendelea nayo.

Kisha akaona kitu. Uso wa Orcutt ulikuwa kimo kimoja na uso wake.

Yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti.

Magoti yote mawili. Lile la kulia limekunjika chini yake, laini, kama goti la mtoto. Halikumuuma. Akalibonyeza. Halikuuma. Joto lilikuwa linampanda mapajani, linaingia tumboni, zuri, kama mchuzi wa moto baada ya njaa ya safari.

Kwenye mabenchi wanawake wakaanza kunong'ona. Orcutt akaona. Akainua mikono, akalia kwa furaha, "Tazameni! Tazameni neema!"

Tayanita hakulitafsiri.

Aliruka akatoka mbio. Alikimbia kama ambavyo hajakimbia tangu ujana. Mguu ulimtii. Kila hatua ulimtii. Na kila ulivyomtii alizidi kupiga kelele, kwa sababu alikwisha kujua unakula nini.

Mlango ulikuwa wazi.

Ayasta alikuwa amelala vilevile, shuka mpaka kidevuni, nywele zimechanwa vizuri. Nani alimchana? Alikuwa mweupe. Mashavu yameingia. Akaugusa uso. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, ubaridi wa mtu aliyekufa tangu jana.

Bibi alikuwa anatoka. Wakakutana kizingitini. Alikuwa anajifuta mdomo kwa ncha ya shali, na mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Nani alikuruhusu?" Tayanita akanong'ona.

"Wewe."

"Ni mchungaji. Maneno hayakuwa yangu."

"Mzungu hana mtoto humu," bibi akasema. Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusuka kikapu. "Mzungu sikumwuliza. Nilimwuliza mjomba, na mjomba akanipa kwa moyo wake wote. Fungu lako nimekuachia. Mwenye nyumba hanyimwi."

Akampita. Njiani palikuwa na tope, na tope halikumshika. Alipofika kwenye miti ya matofaa, juu kukasikika mabawa. Kwenye miti hapakuwa na mtu.

Quati alirudi muda si mrefu. Orcutt alikuwa amekwisha fika, amevua kofia, amesimama kando ya kitanda na uso wa huzuni ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, Orcutt. Watu wabaya hawahitaji sana wakalimani.

"Dada yangu," akasema, "siku yake ilikuwa imefika."

Na Tayanita, Mungu wangu, kinywa kikafunguka chenyewe. "Dada yangu, siku yake ilikuwa imefika."

Quati hakulia. Alimfunika mtoto uso. Akamtazama kaka yake akitoka kando ya kitanda kwenda mlangoni, akamtazama akirudi.

"Kaka," akasema. "Mbona huchechemei?"

Baada ya maziko Tayanita alikwenda kwa Walosi. Jumapili ya kuhubiri ilikuwa imepita na hakuonekana, na misheni hakurudi tena. Walosi alikuwa uani kwake anamenya njugu. Hakuinua kichwa.

"Nitoe hiki kitu," Tayanita akasema.

"Hakitoki. Kimeliwa."

"Sikujua."

"Ulijua kuuliza ukoo. Ulianza kuuliza. Wanawake wawili wamekwisha niambia, maana mzungu wako anasimulia kila mahali, kwa vinywa vya watoto wa shule, namna bibi yule alivyokuja." Akatupa ganda. "Sikiliza. Wewe sasa una siku za mtoto ndani yako, sehemu yake. Aliyebeba siku za mtu nikimtazama sawasawa, anakufa kabla wiki haijaisha. Ndiyo kazi yangu. Naweza kukutazama."

"Na nikifa, zile siku?"

"Zitakwenda alipo. Hatarudi, lakini hatakuwa amekatwakatwa. Keti hapo mbele yangu kwenye mwanga. Vua kofia."

Tayanita akaketi. Goti likakunjika vizuri. Akashika ukingo wa kofia. Alitaka kuivua, alimwambia mama yangu baadaye, na mama yangu alimwamini, lakini mama yangu alikuwa na moyo mwema kupita kiasi. Upepo ulikuwa unaleta harufu ya njugu zikikaangwa. Alikuwa na njaa. Alikuwa na nguvu. Damu ilikuwa inamwimbia miguuni.

Walosi akawasha kiko, akainua macho.

Tayanita akaivuta kofia chini mpaka kidevuni, akajifunika uso wote.

Wakakaa hivyo. Kiko kikazimika.

"Haya," Walosi akasema. "Kama mzungu alisema kweli, kama siku ya mtoto ilikuwa imefika, basi aliyemla amekula sahani tupu. Huna kitu. Utaanguka mwenyewe kabla miti haijachipua. Ukiishi, utajua mtoto alikuwa amebakiza siku."

Miti ikachipua. Tayanita alikuwa anapasua kuni, shati wazi, meno yote yapo.

Quati akaja mpaka kwenye uzio. Hakuingia.

"Kaka. Bado upo?"

"Nipo."

"Basi alikuwa hajafika mwisho."

Akaondoka. Mwaka uliofuata, miti ilipochipua, akaja tena. Bado upo? Nipo. Basi mwaka huu angekuwa anaolewa. Na mwaka mwingine. Hakumkosa hata mara moja. Hakula naye tena, hakumpa mkono, hakumkalia jirani, lakini kila majira ya machipukizi alikuja kumwuliza. Basi mwaka huu angekuwa na mtoto mgongoni. Basi mwaka huu angekuwa na wa tatu. Watu waliwasikia, na watu wakaelewa, na kuanzia hapo palipo na mgonjwa Tayanita hakukaribishwa. Akipita njiani, akina mama walifunga milango mchana.

Kisha wakaja askari wakatukusanya. Hilo kila mtu analijua na mimi silirudii. Kambini watu walikufa kwa kuhara, na njiani walikufa kwa baridi, na kila aliyesalia alisalia na mifupa tu. Tayanita alitembea njia yote ile kwa miguu, mbele ya magari ya farasi. Hakukohoa. Askari walimtaka awe mkalimani wa daktari wao, wamzungushe kwa wagonjwa. Wanawake walipomwona anakuja na yule daktari, walijilaza juu ya watoto wao.

"Sisi hatuumwi," walisema, huku wanatetemeka kwa homa. "Mwambie hatuumwi. Mwambie aende na wewe uende."

Na yeye alilisema, neno kwa neno.

Huku magharibi alijijengea kibanda mbali na watu. Orcutt alikwisha kufa. Walosi alifia njiani, hatuna hata kisiki cha kuonyesha kaburi lake. Tayanita alizeeka, ndiyo, nywele ziligeuka nyeupe, lakini polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Alijaribu kujitosa mtoni mara moja na mto ukamtupa ukingoni. Quati alikuwa sasa anakuja kwa fimbo.

"Bado upo?"

"Nipo, dada. Nisamehe, nipo."

"Basi mwaka huu angekuwa bibi."

Alipokufa alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, mgongo ukutani, asubuhi ya jua. Hata jirani yake wa karibu hakujua ni lini. Wanaume wawili wa kanisani walikwenda kumwosha, watu wazima, wasio na mzaha. Mwili ulikuwa umekaza. Macho yalikuwa yamekauka. Mmoja alikuwa anapitisha kitambaa kifuani, akasimamisha mkono.

"Huyu hajafa."

Wakamwekea kioo puani. Kioo kikabaki safi. Wakamchoma kidole kwa sindano, damu haikutoka. Mwenzake naye akaweka kiganja kifuani, akakiondoa kama ameshika kaa la moto.

Moyo ulikuwa unadunda.

Haukudunda kwa uzito kama moyo wa mzee. Ulikuwa unakwenda mbio, mwepesi, kama moyo wa mtu aliyekuwa anacheza akaitwa ndani. Wakasubiri ukome. Jua likazama, likachomoza tena. Nzi walikwisha kuja. Harufu ilikwisha kuanza, na tumbo lilikuwa limebadilika rangi. Ukawa bado unadunda.

Wakamwita Quati, kwa sababu ndiye ndugu pekee aliyebaki hai wa rika lake, na kwa sababu hawakujua wamwite nani mwingine. Alikuja kwenye mkokoteni, macho yameingia ukungu, ameshikwa huku na huku. Wakamwinamisha. Bibi yangu akaweka sikio juu ya kifua cha kaka yake ambaye alikuwa hajamgusa tangu kifo cha Ayasta.

Alikaa hapo muda mrefu. Wanaume wakadhani amelala.

"Huu si wake," akasema.

Walimzika mchana ule ule, kwa sababu ya joto na kwa sababu hakuna mwanasheria wala mchungaji aliyeweza kuwaambia wafanye nini. Walifukia kwa haraka bila kutazamana. Mchungaji kijana akaanzisha wimbo wa maziko na watu wakaupokea kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Katikati ya wimbo Quati alijinasua kwenye mikono iliyomshika. Akajilaza kifudifudi juu ya udongo mbichi, shavu chini, kama mama anavyojilaza karibu na mtoto aliyelala. Akainua mkono mmoja.

"Hebu nyamazeni," akasema. "Mnanizuia kumsikia."